Jicho la Pili

Mfanyakazi aliyeingia kiwandani kwa mlango wa nyuma, pale Savage, mji mdogo jirani na Minneapolis, karibu na mto, alikutana kwanza na mikanda kumi na mmoja ukutani. Ilikuwa mikanda ya viti vya ndege, mipya, haijapata kufungwa kiunoni mwa mtu. Kila mmoja ulining'inia kwenye msumari wake, na chini ya kila msumari palikuwa na jina. Hakuna aliyekatazwa kuigusa, na hakuna aliyeigusa.

Siku yake ya kwanza kazini, mwaka 2017, Mugisho alisimama mbele ya ukuta ule akiwa na chakula chake kwenye mfuko wa plastiki, akayasoma majina yote kumi na moja polepole, kama mtu anayeamsha waliolala. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alizaliwa Bukavu, akakulia kambini Uganda, na ndege ya kwanza kupanda maishani ndiyo iliyomtoa Entebbe pamoja na mama yake na dada zake wawili. Katika safari ile nzima hakupata hata lepe la usingizi. Aliliangalia bawa dirishani, lilivyokuwa likicheza juu na chini kama tawi, akasubiri livunjike. Halikuvunjika. Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja tu moyoni: ni mikono ya nani iliyoliunga?

Sasa mikono ilikuwa yake. Kiwanda kilitengeneza ndege ndogo za watu sita, na kila asubuhi Mugisho aliweka kiganja kwenye bati la ubavu wa ndege kabla ya kushika chombo chochote. Bati lenyewe lilikuwa jembamba kiasi kwamba ukilisukuma kwa kidole gumba linaingia ndani. Na kitu hicho chembamba kiliwachukua watu sita, na mizigo yao, na mafuta yao, kikawapandisha mahali ambapo hata ndege wenye manyoya hawafiki! Wenzake walishazoea. Yeye hakuzoea, na aliwashangaa waliozoea.

Kati ya Novemba 2014 na Machi 2015, ndege mbili za kiwanda hicho zilianguka, wakafa watu kumi na mmoja. Wachunguzi walipochokonoa vyuma vilivyoungua, walikuta jambo lile lile mara mbili: pini moja haikuwapo. Pini ya miguu miwili, ndogo kuliko njiti ya kiberiti, ambayo kazi yake ni kuizuia nati isifunguke kwenye bolti ya mkia. Nati ilifunguka, bolti ikatoka, mkia ukaacha kumsikiliza rubani. Lakini lililowatoa watu machozi katika ripoti halikuwa pini. Mafundi watatu, kwa nyakati tofauti, walikuwa wameshuku kwamba kazi ile haikukamilika, na kila mmoja alinyamaza akidhani si mahali pake kusema.

Wanunuzi walikimbia. Kiwanda kilifungwa miaka miwili, na kilipofunguliwa tena kilikuja na sheria mbili. Ya kwanza: kila kazi ya mkia ina sahihi mbili, ya fundi na ya jicho la pili. Jicho la pili ni mtu mwingine, ambaye lazima aingize tochi, atazame, kisha aguse kila pini kwa kidole chake mwenyewe. Ya pili: kila mfanyakazi, hata anayefagia, ana kadi nyekundu kwenye mfuko wa kifuani. Akiinua, kazi yote inasimama. Haulizwi cheo.

Aliyezisimamia sheria hizo alikuwa Alice Wanjala, Mkenya wa Kitale, mwanamke mfupi aliyetembea haraka na kucheka kwa kishindo. Siku ya mafunzo aliwaambia, "Hii kadi si ya referii. Hapa hakuna mtu anatolewa nje kwa kuinua. Anayetolewa ni yule aliyeona akanyamaza. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Madam!" waliitikia wote. Na kuitikia ni rahisi.

*

Mtu ambaye Mugisho alikuwa jicho lake la pili alikuwa Papa Kasika.

Ni vigumu kumweleza mtu wa nje Papa Kasika alikuwa nani kwa familia za Wakongo waliohamia huku. Huko Butembo alikuwa fundi wa malori. Walisema angeweza kufungua injini gizani kwenye barabara ya matope na kuirudisha bila kubakiza nati hata moja. Minneapolis alikuwa mzee wa kanisa. Mugisho, mama yake na dada zake walipotua uwanjani, Januari ya baridi isiyo na huruma, mtu wa kwanza kuwaona alikuwa yeye, amesimama na makoti manne begani, moja kwa kila mmoja wao, na kila koti likamtosha mwenyewe. Ndiye aliyempeleka Mugisho kuomba kazi kiwandani. Ndiye aliyemfundisha kushika spana. Mtu kama huyo hukagui kazi yake. Ni sawa na kumfuata mama mkwe jikoni ukafunua chungu chake kuonja kama ametia chumvi.

Jumatano ile ya Oktoba 2018, Papa Kasika alikuwa amelala chali chini ya mkia wa ndege mpya, ya kwanza kukamilika tangu kiwanda kifunguliwe tena. Mkia ulikuwa na vilango viwili vidogo, cha kulia na cha kushoto, na ndani ya kila kimoja bolti moja, nati moja, pini moja. Alipomaliza, alijivuta nje, akafuta mikono.

"Haya, mwana. Jicho la pili, njoo."

Mugisho aliingiza tochi upande wa kulia. Akaona kichwa cha pini, akakigusa. Akaja upande wa kushoto, akainama, na tochi ikawa bado haijaingia sawasawa.

"Unanitafutia dhambi?" Papa Kasika aliuliza akicheka, akichanganya Kifaransa chake. "Mais, huyu mtoto! Nimefunga mabolti kabla baba yako hajaoa."

Mugisho naye akacheka. Uso ulimwaka moto kwa aibu, aibu ya kupekua nyuma ya mzee. Akazima tochi. Akatia sahihi kulia, akatia sahihi kushoto, na vilango vikafungwa.

Ijumaa, rubani wa majaribio, mama wa miaka sitini aliyeitwa Margaret, aliirusha ndege peke yake kwa dakika ishirini, akatua akionyesha kidole gumba. Jioni hiyo majina ya mafundi yaliingizwa kwenye kofia ya Margaret. Kiwanda kilikuwa kimeahidi kwamba safari ya pili itafanyika Jumatatu, mbele ya familia za wale kumi na mmoja, na kwamba mmoja wa walioijenga ndege atapanda ndani. Alice akachomoa karatasi.

"Kasika!"

Banda zima lilipiga makofi. Papa Kasika alivua kofia yake ya sufu, akainamisha kichwa chenye mvi, na Mugisho akapiga makofi hadi viganja vikawasha.

*

Kanisa lao lilikodi ukumbi Roseville, si mbali na jengo kubwa la maduka. Jumapili hiyo Papa Kasika alisimama mbele kusoma majina ya wagonjwa wa kuombewa. Alichomoa karatasi kwenye koti, akaikunjua, akasoma majina kumi na mawili kwa sauti yake nzito, bila kukwama, bila kuruka hata moja. Kisha akaja kukaa kiti cha mbele ya Mugisho na kuiweka karatasi pembeni.

Mugisho aliitupia jicho. Ilikuwa na picha ya gari. Ilikuwa tangazo la matairi ya theluji, bei nafuu mpaka mwisho wa mwezi.

Mwanzoni alitaka kucheka. Halafu akaelewa. Mzee hakusoma chochote. Majina aliyajua kwa moyo. Mzee alichomoa karatasi isiyo yenyewe akaikodolea macho mbele ya watu mia, na hakujua. Mugisho akaanza kukumbuka mambo aliyoyaona bila kuyaona: simu anayoishika mbali kwa mkono ulionyooka, ujumbe anaowapa watoto wamsomee, "miwani nimeisahau nyumbani," ilhali hakuna aliyewahi kumwona na miwani. Mbali aliona kama mwewe. Karibu ilikuwa ukungu.

Na pini ni ndogo kuliko njiti ya kiberiti.

Alimfuata nje, kwenye maegesho.

"Papa."

"Mwana! Kesho nakwenda mbinguni na kurudi. Nikuletee nini?"

"Papa, ile karatasi uliyosoma ni ya matairi."

Papa Kasika aliitoa karatasi mfukoni. Akanyoosha mkono hadi mwisho, akarudisha kichwa nyuma, na Mugisho akaona wazi wakati alipoitambua picha ya gari. Tabasamu lilimtoka usoni.

"Bon. Na wewe umekuja kunicheka?"

"Hapana, Papa. Nimekuja kuuliza. Jumatano uliziona pini?"

"Vidole vyangu vina macho," mzee alisema. "Nimefunga malori usiku, mvua ikinyesha, vita viko kilomita mbili. Hakuna lori langu lililoua mtu. Unataka nivae miwani kiwandani, waseme huyu mzee kipofu, wampeleke kufagia?"

"Upande wa kushoto sikuugusa, Papa. Nilitia sahihi kwa heshima yako tu."

Papa Kasika aliikunja karatasi, akairudisha mfukoni. Watoto walikuwa wakikimbizana kati ya magari, wakipigiana kelele kwa Kiingereza.

"Heshima yangu," alirudia. "Mimi nilikuomba hiyo?"

Aliingia garini akaondoka bila kuaga.

Mugisho alishika simu. Alitafuta namba ya Alice mara mbili, mara mbili akaifunga. Alijiambia mzee atasema mwenyewe. Alijiambia ni haki yake kusema mwenyewe. Alijiambia mengi, na yote yalifanana na yale waliyojiambia mafundi watatu wa kwenye ripoti.

*

Jumatatu ilikucha nyeupe kwa umande ulioganda. Ndege ilikuwa kwenye uwanja mdogo ng'ambo ya mto, imeoshwa, inameta kama sahani ya sikukuu. Familia zilikaa kwenye viti vya kukunja, zimejifunika mablanketi, mvuke ukiwatoka midomoni. Nyuma yao walisimama wafanyakazi wote, karibu mia tatu. Katika safu ya mbele palikuwa na mama mmoja mwenye koti la kijani, na magotini mwake picha ya kijana mwenye kofia ya besiboli.

Papa Kasika alipita mbele ya wafanyakazi akiwa amevaa suti chini ya koti. Mugisho alimkazia macho, akamwomba kwa macho. Mzee hakugeuka. Alipanda, akaketi kando ya Margaret, akafunga mkanda. Mkanda wenyewe ulikuwa sawasawa na ile ya ukutani.

Injini ikawaka. Rafadha ya puani mwa ndege ikazunguka hadi haikuonekana tena, ikawa kama kioo cha duara. Nyasi zilizoganda zikalala. Na hapo Mugisho, aliyezoea kushangaa jinsi chuma kinavyopaa, alishangaa jambo lingine: kwamba uzito wote ule, roho mbili ndani na huzuni ya watu kumi na mmoja nje, ulikuwa umening'inia kwenye kitu ambacho yeye hakukigusa kwa sababu ya kuona haya.

Mkono wake ukaingia mfuko wa kifuani, ukatoka na kadi, ukapanda juu.

Alice Wanjala alimfikia kwa hatua sita. "Kijana! Unajua hawa wageni ni akina nani?"

"Najua, Madam."

"Unajua gazeti liko hapa?"

"Najua."

"Na bado umeinua?"

"Bado nimeinua."

Alice alimtazama machoni. "Basi inua vizuri, rubani aione."

Mugisho alitoka kwenye mstari akaenda mbele kabisa, mbele ya viti, mbele ya mama wa koti la kijani, akaishikilia kadi juu ya kichwa kwa mikono miwili. Margaret aliiona. Hakusita hata kidogo. Injini ilikohoa ikanyamaza, rafadha ikarudi kuwa mapanga matatu ya chuma, yakasimama.

Kimya kilichofuata Mugisho hakukisahau. Watu mia tatu, benki zilizokopesha, wanunuzi wa nchi tatu waliopigiwa simu, miaka miwili ya kufungwa na mmoja wa kujenga, vyote vilikuwa vimesimama kwa sababu kijana wa Bukavu mwenye mshahara wa saa ameinua kipande cha plastiki. Hakuna aliyemfokea. Hakuna aliyemvuta shati. Walikuwa wanasubiri aseme. Huko alikotoka aliwahi kuona watu wenye bunduki wakisimamisha barabara nzima. Hakuwahi kuona ukweli wa mtu mmoja asiye na kitu ukisimamisha chochote.

"Jumatano nilikuwa jicho la pili kwenye mkia," alisema kwa Kiingereza. "Kulia niliangalia. Kushoto nilitia sahihi bila kugusa. Kosa ni langu."

Hakusema neno juu ya macho ya mtu.

Fundi mmoja alileta bisibisi, tochi na kioo kidogo chenye mpini. Kilango cha kushoto kilifunguliwa. Alice mwenyewe aliinama akatazama, akaingiza kidole, akakaa humo muda ulioonekana kama saa nzima.

"Iko," alisema. "Imo, na miguu yake imekunjwa. Kazi safi."

Pumzi za watu mia tatu zilishuka kwa pamoja. Mugisho aliishusha kadi. Amemwaibisha mzee mbele ya dunia nzima, na bure.

Papa Kasika alikuwa ameshashuka. Alisimama kando ya mkia, amenyooka kwenye suti yake. Angeweza kusema, umeona sasa? Angeweza kurudi kitini, watu wangempigia makofi, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama Mugisho. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani, akatoa kadi yake nyekundu.

"Fungueni na kulia," alisema.

"Kulia niligusa, Papa," Mugisho alinong'ona.

"Uligusa kichwa. Miguu iko nyuma ya bolti, kichwa hakikwambii kitu. Ule upande niliufanya mwisho, vidole vimechoka." Akamgeukia Alice, na sauti yake, ile nzito ya kanisani, ilishuka. "Macho yangu ya karibu hayaoni, Mama Wanjala. Mwaka wa pili huu. Niliona haya kusema."

Kilango cha kulia kilifunguliwa. Safari hii kioo kiliingizwa nyuma ya bolti. Alice alitazama, akatazama tena, kisha akaingiza vidole viwili. Pini ilitoka bila kuvutwa, kama unywele kwenye siagi. Miguu yake ilikuwa imenyooka. Haikuwa imekunjwa hata kidogo.

Margaret alikuwa amesogea karibu. Aliitazama pini kwenye kiganja cha Alice, rangi ikamtoka usoni. "Ijumaa nilikuwa nayo hewani dakika ishirini," alisema.

Mama wa koti la kijani aliinuka kwenye kiti. Hakuna aliyemzuia. Alikuja hadi kwenye mkia, akaomba kuiona. Alice akamwekea pini mkononi.

"Ni kama hii?" aliuliza. "Ya mwanangu ilikuwa kama hii?"

"Ndiyo," Alice alijibu.

Aliipima kwenye kiganja. Haikuwa na uzito. Alifumba mkono juu yake, akafumba na macho, na wote walisimama wakimngoja, kwa maana walijua kwamba lolote atakalosema ndilo litakaloamua kama kiwanda hiki kina uso wa kuonyesha watu. Alipofumbua macho hakumtazama Alice wala mabosi. Aliwatazama Mugisho na Papa Kasika, kijana na mzee, kila mmoja na kadi yake nyekundu.

"Laiti mngekuwapo wakati ule," alisema. "Itengenezeni. Nitarudi."

*

Mugisho aliondolewa kwenye kazi ya jicho la pili kwa miezi mitatu, akarudishwa darasani. Papa Kasika alipelekwa kupimwa macho, na wiki hiyo hiyo mafundi wote walipimwa. Saba wengine wakakutwa wanaona ukungu. Miwani ya Papa Kasika ilinunuliwa duka la dawa huko Eagan, mji wa jirani. Ilikuwa na fremu nyekundu, na alipoivaa mara ya kwanza alitazama mikono yake mwenyewe kwa mshangao.

"Mama yangu!" alisema. "Nimezeeka hivi na hamkuniambia?"

Jumatano iliyofuata alilala tena chini ya mkia. Alipomaliza alijivuta nje, akamwita Mugisho, ambaye hakuruhusiwa kutia sahihi, akamkabidhi tochi na kioo mbele ya yule aliyeruhusiwa.

"Nitafutie dhambi, mwana. Tafuta vizuri, mpaka nyuma."

Mugisho alitafuta. Alichukua dakika kumi na moja. Mzee alisimama akingoja, mikono nyuma, bila kucheka.

Alhamisi hapakuwa na gazeti, wala viti. Mama wa koti la kijani alikuja peke yake, akasimama kwenye nyasi kando ya Mugisho. Margaret na Papa Kasika wakiwa ndani, ndege ilikimbia, gurudumu la mbele likanyanyuka, halafu magurudumu ya nyuma, na kati yake na ardhi pakawa na upenyo wa hewa wa unene wa karatasi, kisha wa mkono, kisha wa nyumba. Iligeukia mtoni. Jua likaupiga mkia. Kutoka chini, vilango viwili havikuonekana kabisa, lakini Mugisho alijua kila kimoja kiko wapi, na kidole chake cha shahada kilikumbuka ncha mbili zilizokunjwa za kila pini.

Hakuzoea. Alisimama mdomo wazi kama mtoto, na yule mama kando yake vivyo hivyo, mkono umeziba jua, mpaka ndege ikawa nukta, mpaka ikageuka na kuanza kurudi.